Kichwa kinafikiri ili iweje? Yaliyonikuta mimi na mkasi wangu

Saa nane usiku nimelala chali naangalia bati, mume wangu anakoroma zake raha mustarehe, mi nikachukua simu nikajifunika shuka ule mwanga usimwamshe, nikagugo hivi: kwa nini binadamu anafikiri. Sikuwa natafuta elimu jamani. Nilikuwa nataka kujua nani aliyeweka hii kitu kichwani mwangu na kitufe cha kuizima kiko wapi, mana ulikuwa usiku wa nne mfululizo hesabu ni ileile, 65,000 ya jumatatu, mkononi nina 20, kasitoma wa sare hajamalizia, 65,000 ya jumatatu, mkononi nina 20, yaani kama redio imekwama.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja. Mi ni fundi cherehani, niko Morogoro, kifremu changu kipo Kihonda, nashona magauni, sare za sherehe, na kuachia nguo za watu walionenepa (hao ndo wengi na wala siwasemi vibaya, wananilisha). Mwaka jana niliona cherehani yangu ya kukanyaga imechoka, nikataka ya umeme pamoja na ovaloki, benki sina dhamana, nikaenda kwenye ile mikopo mnayoijua wenyewe, kausha damu. Nikachukua 1,200,000, marejesho 65,000 kila jumatatu kwa wiki 24. Ukipiga mahesabu hapo ni 1,560,000, na nakiri mbele yenu kwamba hayo mahesabu nilikuja kuyapiga nikiwa nishasaini na hela nishaibeba kwenye pochi. Mkono ulitangulia na boda, akili ikaja kwa miguu.

Wiki ya 9 nikapata oda ya sare za sendofu, magauni 14, kitambaa wameleta wenyewe. Kitenge kizuri aisee, bluu iliyoiva, kina ndege weupe shingo ndefu wote wamesimama wanaangalia juu. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshajua naelekea wapi. Kitenge chenye maua ya kila upande unakigeuza unavyotaka, unabananisha vipande unaokoa kitambaa, lakini chenye ndege au chenye maandishi kina kichwa na miguu, kila kipande lazima kilale upande mmoja, na hapo mezani panataka mtu awepo. Mimi sikuwepo mezani, nilikuwa jumatatu. Nikatandika kitambaa, nikaweka patani, nikapiga chaki, mkasi ukaanza kutembea, na ule mlio wa mkasi mkubwa ukipita kwenye kitenge kipya huwa naupenda sana lakini siku hiyo hata sikuusikia, nikakata migongo ya magauni matatu mfululizo. Nikainua mmoja niulinganishe na kipande cha mbele. Ndege wa mbele wanaangalia mbinguni, wa mgongoni wamesimama kwa kichwa, miguu juu.

Nikakaa chini, juu ya vipande. Binti ninayemfundisha kazi akainama akaangalia vizuri afu akaniuliza kwa upole kabisa, "dada, kwani hawa wa nyuma wanapiga mbizi?" Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikujua kama kinawezekana.

Sasa kwenye ile gugo yangu ya usiku nilikuwa nimekutana na Mfaransa mmoja anaitwa Descartes, mwaka 1637 aliandika kwamba nafikiri, kwa hiyo nipo. Nikasema huyu baba hakuwa na marejesho. Mana mimi ndo nilikuwa nafikiri kuliko kipindi chochote cha maisha yangu na sikuwepo popote. Mtoto ananionesha daftari la hesabu nasema ehe, ehe, vizuri mwanangu, ananiambia mama nimekosa zote. Mchuzi unaungua na mimi nimesimama hapohapo nauangalia. Kama kufikiri ndo kuwepo basi mi ningekuwa nimejaa nyumba nzima.

Nadhani lugha yetu iliona hili jambo zamani sana kuliko sisi. Ukimwambia mtu nina wazo, anavuta kiti akusikilize. Ukimwambia nina mawazo, anakupa pole. Neno ni lilelile, likiwa moja ni mali, yakiwa mengi ni ugonjwa. Afu tuna kufikiri, tuna kutafakari, tuna kuwaza na kuwazua, tuna kudhani, wazee hawakuwa wanajaza kamusi tu, walijua kichwani kuna kazi zaidi ya moja zinafanyika na nyingine siyo kazi.

Kwenye baraza letu kuna mzee anashona suti. Kwakweli nilikuwa namwona mvivu. Anachora chaki kwenye kitambaa cha suti, mistari yote, makwapa, kola, afu anaacha mkasi palepale mezani anaenda kukaa kwenye benchi la kahawa, anakunywa vikombe viwili vitatu na kashata, anaangalia tu milima ya Uluguru, hata hapigi stori. Anarudi, anasimama, wakati mwingine anafuta mstari mmoja anachora upya, ndo anakata. Mi hapo ningekuwa nishakata magauni mawili.

Siku hiyo ya ndege nikamfuata. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamtandikia kile kipande mezani kwake. Hakunicheka wala hakunipa hotuba, alikipapasa tu akasema, "hukuwepo". Nikamwuliza, mzee, kwani wewe ukienda kule kwenye kahawa huwa unafanya nini? Akasema, "Kule ndo nakata. Hapa nakuja kumalizia tu." Akanyamaza kidogo akaongeza, "Nikiharibu kule sidaiwi kitambaa."

Hilo ndo jibu ambalo gugo haikunipa na bando lilikatika. Kichwa ni sehemu ya kuharibu bure. Unakata kichwani ukikosea unafuta, unamtukana mwenye nyumba wako kichwani unaona anavyokutolea vitu nje, unaamua kesho umsalimie vizuri, unavuka barabara kichwani gari linakugonga kichwani na wewe bado umesimama pembeni. Ukikata kwa mkasi ndo basi, kitambaa hakirudi.

Na hii huduma siyo bure kama tunavyodhani. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hata ukiwa umekaa tu unakula kama asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili. Nyie wenye fremu mtanielewa, hebu fikiria una kamashine kadogo pembeni kanakula moja ya tano ya umeme wa luku yako usiku na mchana. Mi ningekatoa siku hiyohiyo, labda kawe kanaingiza hela. Kuna kiumbe kimoja cha baharini kilipiga hesabu hiyohiyo. Kikiwa kichanga kinaogelea na kina kaubongo kadogo ka kukiongoza, kikishapata jiwe la kukaa kinajibandika hapo maisha yake yote, hakitembei tena, basi kinaumeng'enya mkia wake pamoja na kile kiubongo cha kuogelea. Hakiendi popote, luku ya nini. Nilipoona vidio yake nilisimamisha mashine. Yaani kichwa ni cha mtu anayekwenda mahali. Ukiwa nacho afu umejibandika kitandani saa nane usiku, kinakosa pa kukupeleka, kinakuendesha wewe mwenyewe.

Kingine nilichokiona kwa macho yangu ni Oldupai. Dada yangu ameolewa Karatu, nilienda kumsalimia wakati amejifungua, siku moja shemeji akatupeleka kule bondeni, wengi mnapajua kwa ajili ya lile fuvu la kale la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Fuvu sawa, lakini kilichonishika mimi ni mawe. Wamepanga pale mawe yaliyochongwa makali, mengine yana umri wa kama miaka milioni 1.8, ukiyaangalia haraka unaona kokoto tu. Afu tukaelezwa kwamba mengine hayakuokotwa pale yalipokutwa, aina ya jiwe lenyewe inatoka kwenye kilima kama Naibor Soit, kilomita kadhaa, yaani yalibebwa. Jamani hebu kaa na hilo. Kiumbe ambacho hata hakijawa mtu kamili kama sisi, kimebeba jiwe zito juani, nyama ya kukata bado hakijaiona, njaa yenyewe labda bado, lakini kichwani nyama imeshalala hapo na jiwe limeshapita. Shemeji alikuwa ananiita twende tutachelewa, mi nimeganda kwenye kioo, naangalia mkasi.

Kwa hiyo mimi mtu akiniuliza leo tunafikiri ili iweje ntamwambia ni ili mkono ukifika ukute kazi imeshafanyika nusu. Kama mkono haupo kwenye mpango kabisa, hapo jihoji.

Ushauri wangu wa kwanza basi, na huu ndo naupenda kuliko yote: angalia hilo jambo likirudi kichwani linarudi na nini. Mzee wangu akikata suti kichwani mara ya pili hakati palepale, mara ya tatu ameshaona kola itabana. Yangu ilikuwa inarudi na 65,000 ileile, mkononi 20 ileile, mara 200 kwa usiku mmoja na haijaongezeka hata mia. Fikra ikirudi inarudi na kitu, hata kidogo. Mawazo yanarudi mikono mitupu afu yanakudai nauli. Ukiona limepita mara tatu hivohivo, inuka, kunywa maji, fua vitambaa vya jikoni, fanya chochote chenye mikono, hapo kitandani hamna kinachopikwa.

Turudi kwenye ndege zangu. Kitenge kile Morogoro nilikikosa, nikaazima hela kwa dada yangu mwingine nikapanda treni ya SGR kwenda Dar kukitafuta Kariakoo. Mle ndani umekaa, kuna ubaridi, huwezi kushona, huwezi kupika, huwezi kumpigia kasitoma umdanganye vizuri mana watu wamekaa karibu wanasikia. Nikatoa daftari la vipimo, ukurasa wa nyuma nikaanza kuandika kila kinachopita kichwani, bila kuchagua, kila kikipita naandika, kikipita tena naandika tena. Mpaka tunakaribia kufika nilikuwa na mistari kama 30. Nikaanza kuisoma. Kumbe ni mambo matatu. Mi nilidhani kichwani nina mambo mia, kumbe ni matatu yanazunguka kama daladala, yakifika mwisho wa ruti yanageuza yanaanza kupakia upya.

La kwanza 65,000 ya jumatatu. La pili kitenge kikikosekana na Kariakoo nako je. La tatu mama mwenye oda akijua nimeharibu migongo mitatu. Pembeni ya kila moja nikaandika mkono unaweza kufanya nini na lini. Jumatatu: kumpigia mwenyekiti wa kikundi chetu cha mkopo leo jioni kabla hawajanifuata, kumwambia ntaleta 40, iliyobaki alhamisi. Kitenge: kama hakipo, mgongo napiga kitambaa cha bluu kisicho na picha, inatoka kama mtindo. Mama mwenye oda: namwambia mwenyewe leo.

Nikafunga daftari nikasikia kabisa mwili umeshuka. Hela haijaongezeka, ndege bado miguu juu, na mimi bado sijafanya hata kimoja. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hii kitu walishaipima. Mwaka 1927 kule Berlin mwanasaikolojia mmoja mwanamke, Bluma Zeigarnik, aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akawaacha wamalize nyingine akawakatiza katikati, afu akawauliza wanakumbuka zipi, wakakumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Kichwa hakipendi kiporo. Afu mwaka 2011 Wamarekani wawili, Masicampo na Baumeister, wakaonesha kwamba mtu mwenye kiporo anasumbuliwa hata akisoma kitu kingine, lakini ukimwacha apange ataifanya lini na vipi, usumbufu unapungua, na kazi yenyewe hajaigusa. Kumbe kile kichwa kinachokuamsha kinataka risiti tu, kwamba hili limepokelewa, lina siku yake.

Sasa sehemu ambayo nilisita kuiandika. Lile daftari lilinituliza ndiyo, lakini siyo lote, kuna kitu kilibaki kama mfupa wa samaki. Nikawa kwenye msongamano wa mtaa wa Uhuru, nauliza kitenge duka hadi duka, ndo nikaelewa. Kulikuwa na la nne na sikuliandika hata mara moja kwenye mistari yote ile 30. Mume wangu hakuwa anajua deni lote. Nilimwambia nimekopa 600,000. Yale matatu nilikuwa nayazungusha usiku kucha ili nisifike kwenye la nne. Yaani kichwa kilekile kinachokata kitambaa kabla ya mkasi kinajua pia kufunika, kinakupa kelele za huku ili usiangalie kule, na kinafanya hivo kwa bidii kweli, ukiamka umechoka kama umelima.

Kwa hiyo ukiandika orodha yako ikiisha, kaa nayo dakika mbili zaidi, jiulize ni lipi hujaliandika. Hilo utalijua tu, mkono unakuwa mzito.

Kitenge nilikipata duka la sita au la saba. Nikarudi usiku, nikamsubiri amalize kula, mana mwanaume mwenye njaa huwezi kumwambia kitu, nikamwambia yote. Alikaa kimya kidogo afu akaniuliza, "sasa mke wangu, ulikuwa unaniambia nusu ya deni nikusaidie nusu ya nini?" Akaninunia siku mbili. Siku ya tatu akaanza kunipa 15,000 kila wiki kutoka kwenye bajaji, bila maneno, anaiweka juu ya cherehani ya nyumbani. Usiku ule niliomwambia, kabla hata sijajua ataninunia au atanipiga talaka, nililala mpaka adhana ya alfajiri. Mwili ulikuwa umesubiri hilo tu.

Kuandika sa hivi nimefanya tabia. Kabla ya kulala nachukua daftari dakika tano naandika ya kesho, siyo ya leo. Hapo nasisitiza mana watu wengi wanaandika yaliyopita, wamekosewa na nani, wamesema nini, na hiyo ina kazi yake lakini siyo ya kuleta usingizi. Mwaka 2018 huko Texas, chuo cha Baylor, waliwachukua vijana 57, nusu wakaandika mambo ya kufanya siku zinazokuja, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya, dakika tano tano, wote wakalala hapohapo wanapimwa. Walioandika ya mbele walisinzia mapema kwa kama dakika 9. Utasema dakika 9 ni nini. Hujawahi kuangalia bati wewe. Na andika kwa kina, usiandike "gauni", andika "zipu ya gauni la mwalimu, bluu, nunua kabla ya saa tatu", ukiandika kijumla kichwa kinajua umekidanganya.

Afu kufikiri kwa vichwa viwili. Sisi tunajivunia akili ni nywele kila mtu ana zake, sawa, lakini nywele za kisogoni hujisuki mwenyewe, lazima umpe mtu kichwa. Zimbabwe kabila la Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ndo mawazo yetu haya, na kwao kufunga ni kufikiri, siyo kufunga mlango wala kufunga Ramadhani. Mi niliposikia nikasema hata kwa Kiswahili imekaa, ukifikiri kupita kiasi umejifunga. Sasa huko Harare daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, kuanzia mwaka 2006 akawafundisha bibi wa mtaani, bibi kabisa wa kawaida, wakae kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, mwenye kufungisisa anakuja anakaa anaongea. Bibi hampi dawa. Anamsikiliza, wanachambua matatizo yote, wanachagua moja la kuanza nalo, na anaondoka na kitu cha kwenda kufanya. Wakapima kitaalamu, majibu yakatoka mwaka 2016, baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mi nina mzee wangu wa suti, wewe tafuta wako. Lakini chagua vizuri, siyo yule ambaye ukimaliza kuongea anakwambia "hilo dogo, ngoja nikwambie la kwangu".

Na pia usiende kwa watu ukiwa unataka kuambiwa unachotaka. Nimefanya hivo mara nyingi, nazunguka baraza zima mpaka nimpate atakayesema ndiyo, afu nasema nimeshauriwa.

Kuna mtu ataniuliza, kwa hiyo kila fikra lazima iwe na kazi? Hapana bwana, mtu akiishi hivo atakuwa kama mahesabu ya hisa. Nilisoma wale wa Harvard mwaka 2010 waliwauliza watu 2,250 kupitia simu, saa yoyote ghafla, unafanya nini na unawaza nini, wakakuta karibu nusu ya muda, asilimia 46.9, watu wanawaza kitu tofauti na wanachofanya, na wakiwa hivo wana furaha ndogo zaidi. Nawaheshimu lakini inategemea mikono iko wapi. Nikiwa mezani na mkasi, kuwaza mbali ni hasara, ushahidi mmeuona. Nikiwa napinda chini za magauni, mshono mrefu ulionyooka, mguu kwenye pedali, mlio ni mmoja, kichwa nakiachia kizurure kama mbuzi jioni, na huko ndo mitindo yangu mingi imetoka. Yale mabega ya kuvimba yaliyouza sana Idi iliyopita niliyapata napinda mapazia ya watu huku nawaza mkate wa kumimina. Sikuyatafuta. Kuna kufikiri kwa kutafuta na kuna kufikiri kwa kuacha mlango wazi, na cha pili hakiji kama umebanwa na deni, ndo mana maskini tunaambiwa hatuna ubunifu, ubunifu tunao, umekaliwa na jumatatu.

Jambo moja siwezi kupita bila kulisema. Mi yangu ilikuwa mawazo ya deni, yalikuwa na mlango wa kutokea. Kuna mtu yamemkaa wiki na wiki, hali chakula, halali usingizi, hana hamu hata ya mtoto wake, anaanza kuona watu wangekuwa sawa bila yeye. Huyo usimwambie aandike daftari. Hiyo inaitwa sonona, ni ugonjwa, nenda naye hospitali, kaa naye foleni. Najua mtaani ukitaja daktari wa akili wanakuuliza anapelekwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma? Waache waulize. Malaria ikikupanda kichwani hakuna anayekwambia jikaze.

Mkopo niliumaliza, wiki ya 25 badala ya 24, faini walinikata na nikalipa. Yule mama wa sendofu nilipomwambia kuhusu migongo alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekata, afu akasema basi ukivipata nipigie, na siku ya shughuli zile sare zilipendeza jamani, ndege wote 14 kwa 14 wanaangalia juu.

Ile migongo mitatu mibovu sikuitupa. Mmoja nimetengenezea mfuko wa vipimo, mwingine binti alichukua akajifunzia kupachika zipu, na wa tatu niliunganisha na vipande vilivyobaki nikajishonea aproni ya kazini. Nikiivaa mimi nikiangalia chini naona ndege wamesimama vizuri wananiangalia. Wateja wanaosimama mbele yangu ndo wanawaona miguu juu, na karibu kila siku kuna mmoja anasema, "fundi, aproni yako umeikosea."